Mtoto wa Nyoka Si Lazima Awe Nyoka

Sisi tunaosoma Kiswahili hukaririshwa methali tangu mwaka wa kwanza. Tunazipanga kwa dhamira, tunazitafutia kinyume chake, tunazijibia mitihani. Ni nadra kuulizwa kama methali fulani inasema kweli. Mimi nataka kuishtaki moja: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Naishtaki kama Mkristo, kwa sababu imeingia kanisani, imevaa suti na tai, na sasa inaitwa "laana ya ukoo."

Baba yangu ni mtu wa kufoka. Nyumbani kwetu Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, tulizisikiliza hatua zake jioni akipanda mlima. Kwa mlio wa viatu tu tulijua kama usiku huo tutakula tukizungumza au tutakula kimya. Niliapa sitakuwa kama yeye. Kisha, nikiwa mwaka wa pili chuoni, mwenzangu wa chumbani aliniunguzia maharage. Maneno niliyomtolea, na sauti niliyoitumia, havikuwa vyangu. Vilikuwa vya baba, mpaka ile namna ya kupiga meza kwa kiganja. Mwenzangu alinyamaza kama tulivyokuwa tukinyamaza sisi.

Niliogopa, nikaenda kwenye mkesha wa maombi. Mhubiri alisema kwamba hasira, ulevi, umaskini na hata kufeli mitihani hushuka katika damu kutoka kwa mababu, na kwamba mnyororo huo hukatwa kwa maombi pamoja na sadaka maalumu. Nilitoa shilingi 50,000 nilizokuwa nimeweka za kuchapisha kazi zangu za masomo. Nililia, nikaanguka, nikarudi hosteli nikijiona mwepesi. Siku ya tisa nikafoka tena. Nilipouliza, niliambiwa laana imerudi kwa sababu bado nazungumza na chanzo chake. Chanzo chake ni baba. Muhula mzima sikumpigia simu.

Hilo ndilo ninalolipinga. Sikatai kwamba nyumba ya utotoni hutuumba. Biblia yenyewe haifichi jambo hilo. Isaka alimpenda Esau, Rebeka akampenda Yakobo (Mwanzo 25). Yakobo, aliyelazimika kuikimbia nyumba yao kwa sababu ya upendeleo huo, alipopata watoto naye akampendelea Yusufu na kumpa kanzu ya pekee (Mwanzo 37), na nyumba ikapasuka tena. Hakuna panaposemwa kwamba kitu fulani kilishuka katika damu. Yakobo alifanya alichokiona kikifanywa.

Mtoto hujifunza kufoka jinsi anavyojifunza lugha, yaani kwa kusikia. Sisi wanafunzi wa lugha tungepaswa kulielewa hili kuliko wengine. Hakuna anayezaliwa na Rukiga katika damu, lakini ukilelewa Kigezi utaizungumza bila kufundishwa. Na mtu mzima huweza kujifunza lugha nyingine. Hujifunza kwa jasho, kwa makosa, na lafudhi ya kwanza hujitokeza akikasirika. Je, kuna anayelipa sadaka ili aamke kesho akijua Kiswahili?

Wahubiri watanijibu kwa Kutoka 20:5, panaposemwa kwamba uovu wa baba hupatilizwa kwa watoto hadi kizazi cha nne. Waisome na aya ya 6, inayosema rehema hufika kwa maelfu. Washuke hadi aya ya 12, katika sura hiyo hiyo, wakutane na amri ya kuwaheshimu baba na mama. Kisha waende Ezekieli 18. Waisraeli waliokuwa uhamishoni Babeli walikuwa na methali yao, kwamba wazazi wamekula zabibu mbichi na watoto ndio wanaoumwa meno. Mungu aliipiga marufuku methali hiyo. Na wanafunzi walipomuuliza Yesu kama kipofu alizaliwa hivyo kwa dhambi yake au ya wazazi wake, Yesu alikataa majibu yote mawili (Yohana 9).

Watanitajia pia Gideoni, aliyebomoa madhabahu ya baba yake (Waamuzi 6). Vizuri. Gideoni alibomoa madhabahu inayoonekana, kwa mikono, pamoja na watumishi kumi, na hakumlipa mtu. Asubuhi watu wa mji walipotaka auawe, aliyesimama kumtetea ni baba yake, Yoashi. Mahubiri mengi niliyoyasikia humalizika kabla ya kufika hapo.

Tena sisi wa eneo hili tuna urithi bora kuliko huu tunaouziwa. Uamsho wa miaka ya 1930, uliosambaa kutoka Gahini nchini Rwanda ukafika Kigezi na kuvuka hadi Kenya na Tanganyika, ulikuwa na desturi ya kutembea nuruni: unaungama kosa lako kwa jina lake, unamwendea uliyemkosea, unarudisha ulichochukua. Uamsho huo nao ulikuwa na ukali wake, lakini haukumruhusu mtu kumsingizia babu yake dhambi aliyoitenda mwenyewe. Bibi yangu, mlokole wa zamani, hakuwahi kuniambia nina laana. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, umemkosea nani? Nenda kwake."

Nikaenda. Nilianza na mwenzangu wa chumbani. Desemba nikaenda nyumbani, nikamwambia baba kwa nini simu zangu zilikatika. Sikumficha neno. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Babu yako alitupiga kwa mpini wa jembe. Mimi nilidhani kufoka tu ni maendeleo."

Sikuwa na jibu. Mtu niliyeambiwa ndiye chanzo cha laana alikuwa amekwisha kukata pingu moja ya mnyororo huo, bila mkesha na bila sadaka, na hakuna aliyemshukuru. Bado anafoka. Nami bado nafoka, ila sasa najua pa kwenda baada ya kufoka.

Sisemi mtu arudi kwenye nyumba inayomhatarisha; kumheshimu mzazi si kukubali kipigo. Nasema na wenzangu ambao likizo zinafika na hawaendi kwao, mama anapiga simu na haipokelewi, kwa kuwa mtu mwenye kipaza sauti amewaambia kwamba mama ni mlango wa laana. Mwulizeni mtu huyo Ezekieli 18 inasema nini. Na walimu wetu, mnapotupa swali la methali katika mtihani ujao, msitutake tueleze maana na matumizi tu. Tuulizeni pia kama ni kweli. Hiyo ya nyoka, mimi nitajibu kwamba ni uongo, hata nikikosa alama.