Muziki wa Majaribio Nao Unahitaji Shamba Lake

Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini apitapo kando ya mashamba ya utafiti ya Uyole, Mbeya, na kuona mistari ya mahindi, mingine imestawi na mingine imedumaa, hacheki wala hasemi kwamba Serikali inapoteza ardhi. Anajua kwamba mbegu chotara anayoipanda leo ilianza katika mistari kama hiyo. Mkulima wa Unguja naye anajua hivyo hivyo kuhusu Kizimbani. Katika kilimo, taifa limekwisha kukubali kwamba mistari tisa inayoshindwa ni gharama halali ya kuupata wa kumi. Tunauliza basi: kwa nini haki hiyo tunainyima sanaa?

Tunazungumzia muziki mpya wa majaribio ambao wanafunzi hutunga kwa ajili ya wapigaji wachache, watatu, wanne au watano, kila mmoja akishika njia yake, bila vipaza sauti vikubwa na bila wachezaji. Ni muziki wa kusikilizwa kwa utulivu na watu waliokaa karibu. Tuuite muziki wa sebuleni.

Wako wenzetu, baadhi yao wakiwa na dhamana ofisini, wanaoutazama muziki huu kama kasumba ya kigeni. Hatukubaliani nao, na historia haikubaliani nao. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, anakumbukwa kwa kumpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga ganuni. Kikundi cha Akhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Taarab hiyo ya awali haikuwa ya jeshi la wapigaji. Ilikuwa ya watu wachache ndani ya chumba: ganuni, udi, fidla, nai na ngoma ndogo. Kama huo si muziki wa sebuleni, basi hatujui maana ya neno hilo.

Nasi wa bara hatukuwa watupu. Hapa Nyololo, wilayani Mufindi, ambapo barabara ya kwenda Igowole na Mgololo huachana na barabara kuu ya Iringa na Mbeya, tumo katika nchi ya Wahehe na jirani zao Wabena. Wahehe wana ligombo, chombo cha nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochimbwa mfano wa mwiko mpana, kikiwa na kibuyu cha kukuza sauti. Mpigaji wake huimba huku akipiga, na sauti ya chombo ni ya chini, hata msikilizaji hana budi kusogea. Hugh Tracey alipopita Tanganyika na mitambo yake ya kurekodi mwaka 1950, ligombo lilikuwa miongoni mwa vyombo alivyovinasa. Visiwani na nyanda za juu, basi, tulikwisha kuwa na muziki wa faragha kabla ya vyuo vya leo.

Wala kujaribu si jambo geni kwetu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri, alikuwa akiutoa muziki wa mabwana na kuutia katika lugha na mambo ya watu wa mitaani. Wako walioona ni uvunjaji wa adabu. Leo tunauita urithi. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alipanua ilimba na zeze kupita alivyovirithi kwa wazee wake, na hadi alipofariki mwaka 2003 dunia ilikuwa imemsikia. Mila ni mti, usipochipua, umekauka.

Sasa tuwatazame vijana. Chuo cha Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 ni wakala wa Serikali kwa jina la TaSUBa. Chuo cha muziki cha nchi za majahazi, DCMA, kilifungua milango yake Mji Mkongwe mwaka 2002. Muziki unafundishwa pia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Arusha. Kutoka DCMA wamekuja vijana wa Tarajazz, waliochanganya taarab na jazi, na wa Siti & the Band. Hao wamepata masikio ya watu kwa sababu kazi yao huingia katika tamasha na hoteli. Lakini yuko mwanafunzi mwingine, ambaye mtihani wake ni mgumu zaidi. Anataka ganuni, yenye sauti za makamu ambazo piano haina, ikae pamoja na ligombo, ambalo halikufungwa kwa vipimo vya piano, na kati yao aweke fidla ifanye kazi ya mpatanishi. Anaandika, anafuta, anawaomba wenzake wamjaribie. Kazi inapigwa mara moja mbele ya walimu, makofi yanapigwa, karatasi inaingia mkobani, na hapo ndipo inapozikwa.

Isidhaniwe kwamba hili haliwezekani kwa Mwafrika wa Mashariki. Mwaka 1992 kundi la wapigaji wanne wa Marekani, Kronos Quartet, lenye desturi ya kuwaagiza watunzi kazi mpya, lilitoa rekodi iitwayo Pieces of Africa. Ndani yake mna kazi ya Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyeyapeleka mapigo ya Kiganda katika fidla mbili, viola na selo. Mna pia Escalay ya Hamza El Din, Mnubi, ambamo tari huzunguka pamoja na nyuzi hizo mfano wa gurudumu la kuvutia maji. Jirani zetu wamesikika. Lakini tukumbuke kwamba aliyeziweka kazi hizo katika rekodi moja ni kundi la ng'ambo.

Hilo linatukumbusha mpingo. Mti huo hukatwa katika misitu yetu ya kusini, Kilwa na Lindi, kisha huvuka bahari ukawa klarineti na obo za Ulaya. Tunauza gogo, na sauti hutujia kama bidhaa ya wengine. Haitoshi kulalamikia biashara ya malighafi katika pamba na kahawa tu, tukanyamaza katika muziki.

Ni kweli kwamba Serikali haikulala. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa ulianza kutoa mikopo katika miaka ya karibuni, na mitaala mipya iliyoanza mwaka 2024 imefungua mkondo wa amali. Tunapongeza. Hata hivyo, mkopo humfaa mwenye kuuza. Mwanafunzi aliyetunga kazi ya dakika nane kwa ganuni, ligombo na fidla hana soko la kulipia riba wala deni. Kwake mkopo ni kitanzi. Na vyuo vyenyewe havisimami kwa ada za watoto wa wavuvi na wakulima: mwaka 2019 DCMA ilitangaza hadharani kwamba fedha za wafadhili zilikuwa zimepungua hata uhai wake ukawa mashakani. Shamba la majaribio linalotegemea mvua ya mgeni si shamba la taifa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, kazi ziagizwe na kulipiwa. Kila mwaka zitengwe fedha kidogo, si mkopo bali ujira, kwa tungo chache za wanafunzi zitakazochaguliwa na walimu wa vyuo vyote. La pili, kazi isafiri. Utamaduni si jambo la Muungano, na kila upande una baraza lake, BASATA bara na BASSFU Zanzibar. Hiyo si sababu ya kila baraza kujifungia kwake. Kazi iliyosikiwa Mji Mkongwe isikiwe Iringa na Mbeya, na ya bara ivuke maji. Kumbi za shule na makanisa yenye kwaya zinatosha, kwa maana muziki huu hauhitaji uwanja wa mpira. La tatu, iwekwe daftari. Nakala ya kila utungo na rekodi yake ihifadhiwe mahali pa umma panapojulikana. Waliosoma chuoni kwa ubao na wino wanajua kwamba kilichohifadhiwa kifuani huandikwa pia, kisomwe tena na kisahihishwe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tunajua jibu litakalotolewa: madawati hayatoshi na zahanati hazina dawa. Ni jibu zito, nasi hatulidharau. Lakini hatuombi jumba la marumaru. Tunaomba ujira wa watunzi wachache, nauli ya wapigaji wanne na kabati lenye kufuli. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, nchi ilikuwa maskini kuliko leo, naye alisema utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Hakungoja madawati yatimie.

Nyingi za tungo hizo zitakwaruza masikio, na nyingine zitasahauliwa kwa haki. Na iwe hivyo. Ndivyo ilivyo pia Uyole na Kizimbani. Kisichokubalika ni mbegu njema kuoza mkobani mwa mwanafunzi kwa sababu hapakuwa na kipande cha ardhi cha kuipanda. Mabaraza yote mawili na wenye dhamana ya hazina waketi pamoja kabla ya bajeti ijayo. Mcheza kwao hutunzwa. Vijana hawa wako kwao.