Vipimo sitini bila swali hata moja

Tangazo hilo bila shaka limeshakufikia, kama si kwenye kundi la WhatsApp basi kwenye redio. Umechoka bila sababu? Viungo vinauma? Tumbo linajaa gesi, usingizi hauji, na hospitali wamekwambia huna ugonjwa? Njoo upimwe kwa kina. Damu, mkojo, choo, hata nywele zako zitapelekwa ng'ambo, na baada ya wiki chache utaletewa ripoti ya kurasa nyingi inayokuonyesha chanzo cha yote. Bei husemwa mwishoni, tena kwa sauti ya chini.

Huduma hii ina asili yake. Marekani wanaiita tiba ya utendaji wa mwili, na taasisi inayoifundisha ilianzishwa mwaka 1991 na Jeffrey Bland, mtaalamu wa kemia ya mwili. Dai lake kuu ni kwamba madaktari wa kawaida wanafukuza dalili, na wao wanatafuta mzizi. Kauli nzuri, nani ataikataa? Lakini mwaka 2014 chama cha madaktari wa familia cha huko huko Marekani kilikataa kuzipa kozi za tiba hiyo alama za masomo kwa sababu ya upungufu wa ushahidi, na baadaye kililegeza msimamo kwa sehemu tu. Sasa vipimo vyake vimevuka bahari na kupanda hadi nyanda za juu za Uasin Gishu.

Nasema Uasin Gishu kwa sababu binamu yangu, mzaliwa wa Kwale, ni mwalimu wa shule ya upili huko Moiben, kaskazini mashariki ya Eldoret. Ni nchi ya ngano, mahindi na ng'ombe wa maziwa, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi ambayo mtu wa pwani haizoei hata akikaa miaka sita. Miaka miwili iliyopita alianza kuchoka. Si uchovu wa kazi, la. Akiamka asubuhi anakuwa kama aliyebeba magunia bandarini usiku kucha. Magoti yanamuuma, uzito unaongezeka na chakula chenyewe hakimpandi, na baridi anaisikia mpaka mifupani. Kila mtu alimwambia ni hewa ya huko.

Alikwenda kliniki moja ya mtaani. Akatolewa damu, na baada ya nusu saa akaambiwa ana brusela, ule ugonjwa unaotoka kwa mifugo na maziwa mabichi, na taifodi juu yake. Akapewa sindano na vidonge, na nafuu asiione. Akaenda kliniki ya pili, jibu likawa lile lile. Ya tatu pia. Mara tatu kwa mwaka mmoja mtu huyu ametibiwa brusela, na maziwa yenyewe huyachemsha mpaka yanafurika jikoni.

Hapo ndipo tangazo lilipomkuta. Alikopa kwenye sacco, akalipa shilingi 68,000, na ripoti ikaja ikiwa na matokeo zaidi ya sitini, yamepakwa rangi kama taa za barabarani: kijani, manjano, nyekundu. Aliambiwa mwili wake unakataa maziwa, mahindi, maharagwe, ndizi na mayai. Aliambiwa pia kwamba tezi zilizo juu ya figo zake zimechoka, maradhi ambayo mabingwa wa homoni wenyewe hawayatambui. Akauziwa chupa nne za virutubisho. Aliyempima ndiye aliyemuuzia dawa, na ningependa msomaji wangu asimame hapo kidogo alitafakari hilo kabla hatujaendelea.

Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya ustawi wa jamii. Lakini hesabu ya mambo haya haihitaji udaktari. Kiwango kinachoitwa cha kawaida kwenye vipimo vingi vya damu huwekwa kwa kuwapima watu wazima wa afya na kuchukua 95 kati ya kila 100. Wale watano wanaobaki wanaitwa nje ya kiwango, na hali hawana ugonjwa wowote. Maana yake, ukimpima mtu mzima kabisa vitu sitini visivyohusiana, utarajie vitatu hivi vitoke na rangi ya kutisha. Uwezekano wa vyote sitini kutoka safi haufiki hata watano kwa mia. Kwa hiyo mwenye kuuza kifurushi cha vipimo sitini hana haja ya kudanganya, hesabu inamfanyia kazi. Kila mteja ataondoka na kitu cha kuhofia, na kila kitu cha kuhofia kina chupa yake rafuni.

Ama hicho cha vyakula, ni kituko zaidi. Vipimo vya namna hiyo huangalia kingamwili aina ya IgG. Chama cha wataalamu wa mzio cha Kanada kilitahadharisha mwaka 2012 kwamba kingamwili hizo haziwezi kutumika kutambua chakula kinachomdhuru mtu, kwa kuwa mara nyingi ni alama tu kwamba mwili umekutana na chakula hicho na kukizoea. Mwalimu anayeishi Moiben anakula nini kila siku? Ugali, maziwa, maharagwe. Na ripoti imemwambia aache nini? Laiti angekuwa bado Kwale, naapa wangemkataza nazi na samaki.

Hata hivyo sitaki kuwarushia mawe wauza vipimo peke yao, maana walikuta njia imeshachongwa. Aliyewachongea ni ile kliniki ya mtaani, na kipimo chake cha nusu saa. Mwaka 2017 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya magharibi mwa Kenya kwa wagonjwa zaidi ya 800 waliofika vituoni na dalili zinazofanana na brusela. Kipimo cha haraka kilichozoeleka vituoni kilimpa karibu mmoja kati ya watano jina la ugonjwa huo. Walipopimwa kwa njia iliyo bora zaidi, ile iitwayo Rose Bengal, ambayo nayo si ghali wala haihitaji mashine kubwa, waliobaki na ugonjwa walikuwa wachache mno. Wengine wote wangemezeshwa dawa za bure. Na dawa zenyewe si peremende: matibabu ya brusela huchukua wiki sita, na kati ya dawa zake imo rifampisini, ambayo ni nguzo ya kutibu kifua kikuu, na streptomisini, sindano inayoweza kudhuru masikio.

Brusela ipo kweli, tusije tukaelewana vibaya. Wafugaji wanaugua, na maziwa mabichi ni hatari. Ndiyo maana nasikitika: kipimo kibovu kinamtibu asiye mgonjwa, na pia kinamfanya daktari aache kutafuta. Taifodi nayo ni hivyo hivyo. Kipimo cha Widal kinachotumika mpaka leo Likoni, Malindi na Moiben kilibuniwa na Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896, na udhaifu wake unajulikana: mtu aliyewahi kuugua zamani, au aliyechanjwa, au mwenye homa nyingine kabisa, anaweza kuonekana ana taifodi. Ni nani katika ukoo wako hajawahi kuambiwa ana taifodi? Mtu akishatibiwa mara tatu ugonjwa asiokuwa nao, usishangae akiikimbilia nywele yake kuipeleka ng'ambo. Mfa maji haishi kutapatapa.

Tena kuna kitu cha kweli walichomuuzia binamu yangu, nacho ni muda. Yule mtu wa kifurushi alikaa naye saa nzima. Alimuuliza usingizi wake, kazi yake, mkewe aliyebaki pwani. Kwenye zahanati alikuwa akipewa dakika tatu, tena tabibu akiandika huku akiangalia foleni mlangoni.

Jambo la kushangaza ni kwamba damu ya nyanda hizo hupimwa kwa ustadi wa hali ya juu kuliko pengi duniani. Ni damu ya wanariadha. Tangu mwaka 2009 dunia ya riadha inatumia pasipoti ya damu: mwanariadha huchukuliwa damu mara kwa mara, matokeo yake yakalinganishwa na yake mwenyewe ya miaka iliyopita, kisha wataalamu wasiojua jina lake wakayasoma. Zamani damu hiyo ilibidi isafirishwe nje kwa haraka kabla haijaharibika, mpaka mwaka 2018 maabara iliyoidhinishwa ilipofunguliwa Nairobi kwa kazi hiyo. Na Kenya ilipokaribia kufungiwa mwaka 2022 kwa ajili ya dawa za kusisimua misuli, serikali iliahidi dola milioni tano kila mwaka kwa miaka mitano kwa vita hiyo. Sikatai. Jina la nchi lilikuwa hatarini. Lakini tazama namna damu ya mkimbiaji inavyoheshimiwa: ipo swali moja linaloulizwa, yupo wa kulinganishwa naye, na anayesoma jibu hauzi kitu. Mkulima anayepishana naye barabarani asubuhi hana hata kimoja katika hayo.

Sisi wa pwani tulishaonja tofauti ya mambo haya mawili. Mwaka 2004 Lamu ilikumbwa na homa iliyokunja watu viungo, na wengi waliopimwa malaria hawakuonekana nayo. Sampuli zilipelekwa Nairobi, maabara ikatafuta kirusi, na jibu likapatikana: chikungunya. Uchunguzi wa damu uliofuata ulikadiria kwamba watatu kati ya kila wanne kisiwani walikuwa wameambukizwa. (Hata jina lenyewe si geni kwetu, ni la Kimakonde, tangu ugonjwa ulipotambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952.) Hakuna aliyeuziwa kifurushi. Kulikuwa na swali moja, ni homa gani hii isiyo malaria, na maabara ya umma iliyokuwa na uwezo wa kulijibu.

Leo kwetu wamezagaa wenye mashine ya kushika mkononi. Unashika chuma kama rungu dogo kwa dakika moja, kompyuta inakutolea hali ya ini, figo, moyo, kizazi na mifupa. Hakuna tone la damu lililotoka. Huwakuta sokoni, nje ya misikiti baada ya Ijumaa, na kwenye hema za "upimaji wa bure" ambao bure yake huishia pale dawa zinapotajwa. Wengine hutanguliza aya na hadithi kwenye karatasi zao, kwa kuwa wanajua Muislamu amefundishwa kwamba kila ugonjwa una dawa. Ni kweli amefundishwa hivyo, lakini hakufundishwa kwamba kila mwenye chuma na kompyuta anaujua ugonjwa. Masheikh wetu wanaoruhusu meza hizo uani mwa misikiti wangewauliza kwanza leseni. Bodi ya wataalamu wa maabara ipo kwa sheria ya mwaka 1999, na maabara halali haioni haya kuonyesha cheti chake ukutani.

Kuhusu binamu yangu, jibu lilikuwemo ndani ya ile ripoti ya shilingi 68,000. Lilikuwa ukurasa wa tisa, mstari mmoja: homoni inayoiamrisha tezi ya thairoidi, ile iliyoko shingoni, ifanye kazi, ilikuwa juu mno, kwa maana tezi yenyewe imelegea. Uchovu, baridi, uzito, vyote vilikuwa hapo. Lakini mstari huo ulipakwa manjano ile ile waliyopaka ndizi, na muuzaji akaupita. Aliyeuona ni daktari kijana mjini Eldoret, aliyepelekewa karatasi hizo na mwalimu mwenzake. Alimuuliza maswali manne, akamrudishia kipimo hicho kimoja kwa bei isiyofika shilingi elfu tatu, na kumwanzishia kidonge kimoja cha asubuhi. Sasa baridi imepungua na darasani anasimama. Magoti bado yanamuuma, na hilo halijapata jibu. Daktari amemwambia hivyo waziwazi, kwamba hajui bado na watalifuatilia. Binamu yangu ananiambia hilo ndilo neno lililomtuliza kuliko kurasa zote zile.

Tangu Oktoba 2024 tumo ndani ya SHA, na mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Mjadala wetu wote umekuwa juu ya usajili, mfumo kukwama na hospitali zinazodai pesa zao. Sijasikia mtu akiuliza ni kipimo gani hasa kilichoko zahanati ya kijijini kwake, na kinasema kweli kiasi gani. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya vipimo vya lazima mwaka 2018, kama ilivyokuwa na ya dawa za lazima kwa miongo mingi kabla. Afya ya msingi nayo iko mikononi mwa kaunti, si Nairobi.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na wananchi huitwa kutoa maoni. Huwa tunakwenda kuomba barabara na visima, kisha tunakunywa soda na kuondoka. Safari hii mmoja wetu ainue mkono, awe Kwale au Kilifi au huko Moiben, amuulize waziri wa afya wa kaunti mambo mawili: zahanati zetu zinapima brusela na taifodi kwa njia gani, na je, mgonjwa wa thairoidi anapimwa wapi bila kupanda basi?