Chupa Ndogo Safarini



Tuendapo hija Roma au Nchi Takatifu, wengi wetu hapa Rubya hufunga mizigo tukikumbuka nguo na kusahau amri. Mwezi Agosti 2006 iligunduliwa Uingereza njama ya kulipua ndege kwa vimiminika vilivyofichwa katika chupa za vinywaji. Tangu hapo viwanja vingi vya ndege, ingawa vichache sasa vimelegeza, hudai chupa ya mafuta, manukato au maji katika mkoba wa mkononi isizidi mililita 100. Kubwa zaidi huwekwa katika begi la tumboni mwa ndege. Kopo la kupulizia marashi mwilini lisizidi mililita 500, nalo lifunikwe vema. Dawa ya mbu ya kupuliza, iwakayo moto, ibaki nyumbani. Hata maji ya baraka hayana msamaha.

Wapo wasemao, “Padre, ni marashi tu!” Nami najibu: kuficha kopo ni kuchezea uhai wa jirani. Sisi wa Kagera tuliwalilia watu 19 waliokufa ndege ilipoanguka Ziwa Victoria, Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022. Ajali ile haikutokana na mizigo. Lakini tangu siku ile twajua thamani ya kila abiria.

Bwana aliwatuma mitume bila mkoba. Sisi twaombwa kidogo tu: kuufungua wetu bila hila wala manung’uniko. Upendo wa jirani huanzia hapo.

Dominika njema.