Hapa wimbi limemeza

Mpenzi msomaji, wazee wetu walisema kwamba sikio halilali njaa. Ukikaa mahali penye watu, hata kama huna shughuli nao, habari itakufikia tu: ya harusi, ya ugomvi, ya bei ya pweza, ya vita vya nchi usiyoijua hata rangi ya bendera yake. Jumapili hii sitaki tuulizane sikio limeshiba nini. Nataka tuulizane jambo moja dogo: kile ambacho sikio halikukipata, mdomo hukifanyia nini?

Nilivuka kutoka Mkoani kwenda Makoongwe, kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari hiyo ya kusini mwa Pemba. Safari yenyewe si ndefu. Abiria anaweza kuwa bado anajibu salamu za wenzake, na chombo kikaanza kutafuta pa kutia nanga. Nilikwenda kumwona mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa ndiye redio ya mtaa wake. Nasema alikuwa redio, sisemi alikuwa na redio tu, kwa sababu ile ya betri iliyokuwa mezani pake ilimsikika vizuri yeye peke yake. Alipandisha waya juu ya mnazi ili kuyavuta masafa mafupi, akaketi kila usiku sikio limegusana na chombo, akisikiliza Kiswahili cha London, cha Cologne, cha Cairo na cha Moscow. Akishiba, hutoka barazani na kuwasimulia majirani waliokuwa wakimngoja.

Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu kitako." Baada ya kahawa nikamwuliza ni kwa nini watu walimwamini yeye kuliko wengine waliokuwa na redio nzuri zaidi.

"Kwa sababu," alinijibu, "nilikuwa nikiwaambia na nisichokisikia."

Waliozoea masafa mafupi wanajua tabia yake. Sauti huja kwa nguvu, kisha huzama, kama dau linavyopotea baina ya mawimbi mawili, halafu huibuka tena mtangazaji akiwa ameshafika kwenye habari nyingine. Mzee huyu alipofika pahali hapo katika masimulizi yake hakubuni neno wala hakuunga. Aliinua kiganja, akasema, "Hapa wimbi limemeza," kisha akaendelea na alichokisikia.

Pengine utadhani, ndugu msomaji, kwamba hiyo ni kazi ya baraza la kisiwani tu. La hasha. Ng'ambo ya bahari kuna majumba makubwa ambamo watu waliajiriwa kufanya kazi hiyo hiyo usiku na mchana. Agosti 1939, vita vya pili vya dunia vikiwa vinabisha hodi, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, kwa maombi ya serikali ya nchi hiyo, lilianzisha karibu na mji wa Evesham kituo cha kusikiliza redio za nchi nyingine. Mwaka 1943 kituo kikahamia Caversham Park, jumba la kifahari pembezoni mwa mji wa Reading, kikakaa huko hadi mwaka 2018. Marekani nayo iliunda idara yake ya serikali Februari 1941, na baada ya vita idara hiyo ikawekwa chini ya shirika la ujasusi, CIA. Mataifa hayo mawili yakagawana dunia kama wavuvi wanavyogawana mwamba: huyu akisikiliza huku, yule akisikiliza kule, kisha kila mmoja akimpa mwenzake alichokivua. Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, BBC iliweka kitengo chake Nairobi.

Walichokivua hakikuwa siri iliyoibwa chini ya mto wa mtu. Kilikuwa ni maneno yaliyotangazwa hadharani, ambayo mkulima yeyote mwenye betri nzima angeweza kuyasikia. Tofauti ilikuwa katika namna ya kusikiliza. Msikilizaji huyo alivaa hedifoni, akanasa matangazo, mwanzoni kwenye mitungi ya nta na baadaye kwenye kanda, akayarudia mara mbili, mara tatu, akayatafsiri na kuyaandika, nayo yakachapishwa na kupelekwa kwa mawaziri, mabalozi na wahariri. Na pale ambapo sauti ilizama, aliandika ndani ya mabano kwamba maneno hayakusikika. Nilipoyaona mabano hayo kwa mara ya kwanza, mawazo yangu yalivuka moja kwa moja hadi Makoongwe. Mtaalamu wa Caversham na mvuvi wa Pemba hawakupata kuonana, lakini walikuwa na kanuni moja.

Miongoni mwa wasikilizaji wa mwanzo walikuwamo wakimbizi wengi waliomkimbia Hitler, maana hao ndio waliozijua lugha. Mmoja wao alikuwa Ernst Gombrich, mzaliwa wa Vienna, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa vitabu vyake vya historia ya sanaa. Tarehe 1 Mei 1945 redio ya Ujerumani iliarifu kwamba taarifa nzito inakuja, kisha ikapiga muziki wa huzuni wa Bruckner, ule uliotungwa kwa ajili ya kifo cha Wagner. Gombrich akahisi msiba. Akaandika kwenye vipande vya karatasi mambo yanayoweza kutangazwa, kimojawapo kikisema kwamba Hitler amekufa, akavishika mkononi. Hakupiga simu kwa dhana yake. Alingoja hadi mtangazaji alipotamka, ndipo akamwonyesha mwenzake kipande kilichostahili, na simu ikapigwa hadi kwa Churchill. Gombrich alikuja kuandika kwamba sauti inapokuwa hafifu huwezi kusikia bila ya kukisia, na kwamba hatari iko papo hapo: sikio linaweza kukupa unachokitarajia badala ya kilichosemwa.

Kuna siku uzito wa kazi hii ulionekana kwa dunia nzima. Tarehe 28 Oktoba 1962, Marekani na Urusi zikiwa ukingoni mwa vita vya nyuklia kwa sababu ya makombora yaliyowekwa Cuba, Khrushchev aliamua jibu lake lisomwe katika Redio Moscow, kwani njia ya kibalozi ilikuwa ikichelewa. Wakuu wa Washington waliyasoma maneno ya kuondolewa kwa makombora kutoka kwa wasikilizaji wa redio kabla ya barua rasmi kuwafikia. Fikiri, msomaji, ingekuwaje kama mtu mmoja mwenye usingizi angejaza pengo kwa neno la kwake.

Sisi nasi tulisikilizwa. Tangu mwaka 1954 Redio Cairo ilipoanza kurusha Kiswahili, huku Mzanzibari Ahmed Rashad Ali akiwa miongoni mwa sauti zake za mwanzo, watawala wa Kiingereza waliyafuatilia matangazo hayo kwa hofu, kwa kuwa migahawa ya Unguja na Mombasa ilikuwa ikijaa watu wa kuyasikiliza. Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 12 Januari 1964. Aliyesikika katika redio ya Zanzibar siku ile alikuwa John Okello, mzaliwa wa Uganda aliyefika Pemba mwaka 1959 na kuishi hapo kabla ya kwenda Unguja. Alijiita Fildi Masho, akatoa amri, vitisho na hesabu za kutisha. Ng'ambo, wasikilizaji waliandika yote.

Hapo ndipo penye fundisho ambalo naliona kubwa kuliko yote. Aliyeandika maneno ya Okello hakuandika kwamba mambo hayo yametokea. Aliandika kwamba yamesemwa, na nani, katika redio gani, saa ngapi. Methali yetu inatuambia kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Naiheshimu methali hiyo, lakini msikilizaji mwaminifu ana methali yake fupi zaidi: lisemwalo limesemwa. Kama lipo au halipo, hiyo ni kazi nyingine, na ina jasho lake.

Tena kulisikia neno si kuijua maana yake. Januari 1965 serikali yetu iliwafukuza wanabalozi wawili wa Marekani, Robert Gordon aliyekuwa Dar es Salaam na Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar, baada ya mazungumzo yao ya simu kunaswa. Hiyo ilikuwa simu, haikuwa redio, lakini sikio ni lile lile. Katika mazungumzo yao yalitajwa maneno ya silaha, yakachukuliwa kuwa ni njama. Wamarekani wakashikilia kwamba hizo zilikuwa silaha za mfano tu: hoja nzito za kuishawishi Washington ilete salamu katika maadhimisho ya mwaka wa kwanza wa Mapinduzi. Neno lilikuwa limesikika sawasawa. Kilichozama ni kusudio la msemaji, na pengo la kusudio halina hata sauti ya mkwaruzo ya kukutahadharisha.

Turudi barazani Makoongwe. Nilimwomba mzee anitajie usiku mmoja ambao kanuni yake ilimgharimu. Alinyamaza kitambo, kisha akanisimulia.

Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo katika redio ya Zanzibar, saa ambayo katika visiwa vyetu hata watoto hunyamaza. Likasomwa jina la mwanamume, jina na la baba yake, moja kati ya yale yaliyojaa Pemba nzima. Kisha mahali atokako: "Mako…", sauti ikazama. Ilipoibuka, mtangazaji alikuwa ameshafika kwa marehemu mwingine. Pale kisiwani palikuwa na nyumba ambayo kijana wake mwenye jina hilo alikuwa akifanya kazi Unguja. Watu wote wa barazani wakaigeukia nyumba ile.

Wakamwuliza, "Ni wetu?" Akawajibu, "Jina nimelisikia. Pahali nimesikia mwanzo wake, kisha wimbi limemeza." Wakambana. Wako waliosema ni dhahiri, matanga yaandaliwe. Wako waliomsihi aseme siye, ili mama yule apate kulala. Hakusema hili wala lile. Vijana wawili wakashuka pwani, wakavuka usiku ule ule kwenda Mkoani kutafuta simu, na yule mama akakaa ameegemea ukuta, macho makavu, hadi alfajiri.

Chombo kiliporudi, habari ilikuwa kwamba marehemu ni mtu wa Makombeni, si wa Makoongwe. Majirani wakashukuru Mungu. Yule mama akaanza kulia hapo, akisema kwamba hata huyo wa Makombeni ana mama.

"Ningewaambia ni wetu, wangelia," mzee alinambia. "Ningewaambia siye, wangelala. Yote mawili yangekuwa yangu, si ya redio."

Mpenzi msomaji, niliinamisha uso, kwa sababu nami nina deni. Nilipokuwa mwandishi mgeni, katika gazeti ambalo sitalitaja, nilipokea kwa simu habari ya ajali. Upepo ulikuwa ukivuma upande wa pili, na kati ya majina ya ndugu wawili sikulipata sawasawa la aliyefariki. Muda wa mtambo ulikuwa umefika. Nikachagua. Siku ya pili yake aliye hai alikuja ofisini, gazeti limekunjwa kwapani. Hakupiga kelele. Aliniomba tu nimwonyeshe kwa kidole mstari ule, kisha akaniuliza kama najua kwamba mkewe ndiye aliyeusoma kwanza. Diploma yangu ya uandishi haikuwa na jibu la swali hilo.

Leo waya juu ya mnazi umepungua. Habari zinaingia nyumbani kwa simu ya mkononi, na sauti ya mtu tusiyemjua inasafiri kutoka ndugu hadi ndugu kabla uji haujapoa. Lakini mapengo hayakupungua. Yameongezeka, ila yamefunikwa vizuri. Kwa hiyo nakuomba, wewe baba, mama, na wewe dada mkubwa unayewaangalia wadogo zako: mtoto akikuletea habari, usimwulize kwanza kama ni kweli, maana hilo huenda hana uwezo nalo. Mwulize kaisikia kwa nani. Mwulize yalitamkwa maneno gani hasa. Kisha mwulize ni wapi hakusikia vizuri, na akikiri kwamba hapo hakusikia, usimcheke. Msifu mbele ya wenzake, kwani amefanya jambo ambalo wakubwa wengi tunalionea haya.

Nilipoagana na mzee, jua lilikuwa linaelekea kuzama. Aliniambia neno jingine nikiwa nimeshaingia chomboni, lakini mashine ilikuwa imewashwa. Nilimwona midomo ikicheza na mkono ukipunga. Ningeweza kukuandikia hapa wasia mzuri na kuunasibisha naye, nawe usingejua. Ila hapo, msomaji wangu, wimbi lilimeza.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.