TAHARIRI: Baraza la Amani Lilizaliwa Sokoni



Wataalamu wa usuluhishi katika Afrika Mashariki hukutana mara kwa mara, nasi twashukuru. Lakini mwacha asili ni mtumwa. Yafaa kila anayeketi katika mabaraza hayo akumbuke yalikotoka.

Mwaka wa 1972 viongozi wa makanisa ya Afrika na ya ulimwengu waliwasaidia Wasudani waliokuwa vitani kufikia mkataba wa Addis Ababa. Lilikuwa tendo tukufu. Hata hivyo, mkataba ule uliegemea hiari ya mtawala mmoja. Rais Nimeiri alipouvunja mwaka wa 1983, vita vilirejea. Amani iliyofungwa kileleni peke yake haikuwa na mizizi.

Mizizi ilipandwa Wajir. Wilaya hiyo ilikuwa imetawaliwa kwa sheria za hali ya hatari hadi mwaka wa 1991, kisha ikakumbwa na ukame na mapigano ya koo. Mwaka wa 1993 akina mama wachache, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, walianza na jambo dogo: kila mwanamke, awe wa ukoo gani, aweze kuuza na kununua sokoni bila hofu. Waliposimamisha amani sokoni, waliwaendea wazee, na Septemba mwaka huo huo wazee wa koo wakatoa Azimio la Al Fatah. Wakafuata vijana, wafanyabiashara na viongozi wa dini. Mwaka wa 1995 juhudi hizo ziliunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ambamo raia na maofisa wa serikali waliketi pamoja. Wilaya nyingine ziliiga mfano huo, na mwaka wa 2001 serikali ikaunda kamati ya taifa ya kusimamia kazi hiyo.

Nchi ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Bi. Dekha pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, Jenerali Daniel Opande na Bw. George Wachira waliwaita wananchi wenzao Nairobi. Hawakuanza kutafuta ujuzi siku ile. Ulikuwa umeiva kwa miaka kumi na minne.

Basi tatizo liko wapi? Liko hapa: usuluhishi ukigeuka kuwa kazi ya vyeti na posho, huwa rahisi kuwapatanisha maskini waliochomeana nyumba na kumwacha aliyewagawia viberiti. Mapigano yaliyoanza Meteitei mwezi wa Oktoba 1991 yalichunguzwa na kamati ya Bunge iliyoongozwa na Bw. Kennedy Kiliku. Mwaka wa 1992 ilihesabu watu 779 waliouawa na wapatao 54,000 waliofukuzwa makwao, ikataja wakubwa waliohusishwa. Bunge liliikataa ripoti hiyo. Ripoti ya Jaji Akiwumi nayo ilifichwa hadi mwaka wa 2002. Uchochezi usioadhibiwa ulirudi tena na tena, na mwaka wa 2008 tukazika zaidi ya elfu moja.

Wapo watakaosema kwamba kudai haki kunatonesha vidonda. Twawajibu: kidonda kilichofunikwa na usaha ndani hakijapona. Mwenye shamba lililonyakuliwa hawezi kupewa mkono wa jirani badala ya shamba.

Kwa hiyo, ndugu mshiriki, unapoalikwa katika mkutano wa amani parokiani au mjini, uliza maswali matatu. Je, waliofiwa na waliofukuzwa wameketi humu, au wanazungumziwa tu? Je, yupo atakayesimamia ahadi hizi baada ya sisi kuondoka? Je, jina la mchochezi litatamkwa, hata kama yeye ndiye mgeni wa heshima?

Akina mama wa Wajir hawakungoja kualikwa. Tusingoje sisi. Tuanze sokoni petu, tupande mpaka penye mamlaka, na tusikubali kuitwa wapatanishi kwa sababu ya kunyamaza.