Tunadahili Vichwa, Tunasahau Vitanda

Kila mwaka, msimu wa udahili unapofika, vyuo vyetu hutangaza kwa fahari idadi ya vijana waliopokelewa. Idadi hiyo husomwa kwenye mahafali, huingizwa katika hotuba za bajeti na hutumiwa kama ushahidi kwamba elimu ya juu inapanuka. Ipo idadi ya pili ambayo haisomwi popote, nayo ni idadi ya vitanda. Hoja yangu katika makala haya ni nyepesi kuieleza, ingawa najua kuwa ni nzito kwa wakubwa kuisikia: chuo kinachopokea ada ya kijana kutoka Kigoma au Mtwara kikijua hakina pa kumlaza, wala hakijishughulishi kujua atalala wapi, kimevunja ahadi yake kabla mhadhara wa kwanza haujaanza.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Chuo cha kwanza nchini kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Waliochora ramani ya Mlimani hawakuchora madarasa na maktaba peke yake. Walichora na mabweni, na kumbi za chakula, na njia za miguu kutoka kitandani hadi darasani. Walielewa kwamba msomi hatengenezwi kwa saa tatu za mihadhara kwa siku. Hutengenezwa pia kwa mabishano ya usiku, kwa kitabu kinachopita mkono hadi mkono, na kwa usingizi wa mtu asiyeogopa mlango wake kuvunjwa. Ilipokuja sera ya uchangiaji gharama mwanzoni mwa miaka ya 1990, na baadaye udahili ulipofumuka, bweni likahesabiwa kuwa huduma ya ziada. Darasa tulilipanua kwa kuongeza viti na vipaza sauti. Bweni tulimwachia dalali.

Na huyo dalali, ndugu msomaji, ndiye leo ofisa makazi wa maelfu ya wanafunzi wa Tanzania. Yeye ndiye anayempokea mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekosa nafasi chuoni, anamzungusha mitaani juani, anamwonyesha chumba kisicho na dari, kisha anadai kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tupige hesabu kwa mwanafunzi aliyebahatika kupata mkopo wa Bodi. Posho yake ya kujikimu ni shilingi 10,000 kwa siku, na imekusudiwa chakula pamoja na malazi. Tuseme anakula kwa mama ntilie kwa shilingi 6,000 na nauli inachukua 2,000. Anabakiwa na 2,000, yaani shilingi 60,000 kwa mwezi, ambazo zinapaswa kulipa chumba, maji, umeme, sabuni na dawa ya malaria. Halafu “bumu” huja kwa awamu, ilhali mwenye nyumba hangoji awamu. Ndiyo maana vijana wanne hujibanza katika chumba kimoja walichokibatiza jina la “geto”, na chumba hicho huwa pale ambapo kodi ni nafuu. Kodi huwa nafuu mahali ambapo taa za barabarani hazijafika.

Matokeo ya hesabu hiyo tunayajua, kwa sababu yalikwisha kutokea hadharani. Januari 2013 wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, waliandamana jijini Dar es Salaam wakilalamikia uvamizi, uporaji na udhalilishaji wa kingono waliotendewa wenzao waliopanga Kigamboni. Tukumbuke jiografia ya jambo hilo. Chuo kiko katikati ya mji, kwenye ardhi ya bei kubwa kuliko zote. Wanafunzi walikuwa wakivuka bahari kwa pantoni kwenda kutafuta chumba wanachokimudu, maana daraja lilifunguliwa miaka mitatu baadaye. Aprili mwaka huohuo, mjini Arusha, mwanafunzi wa Chuo cha Uhasibu aliuawa na wahalifu nje ya chuo. Wenzake walikusanyika kudai usalama, mkutano wao na viongozi wa mkoa ukavurugika, na mwisho wake ukawa mabomu ya machozi na kesi ya uchochezi dhidi ya mbunge wa mji huo.

Matukio hayo mawili yametenganishwa na miezi mitatu tu, nayo yanatufundisha jinsi mamlaka zetu zinavyofikiri. Kijana akivamiwa usiku, tukio huitwa uhalifu wa kawaida, nalo ni kazi ya kituo cha polisi cha karibu. Wenzake wakiandamana asubuhi kulilalamikia, tukio hugeuka suala la usalama wa taifa. Swali la kwa nini mwanafunzi alikuwa anatembea kwenye uchochoro ule saa tatu usiku haliulizwi, kwa kuwa jibu lake linaelekea kwenye ofisi za watu wenye viyoyozi.

Mimi ni mwalimu, na ninaliona jibu hilo kwenye ratiba. Kwa uhaba wa madarasa, mihadhara yetu huanza saa moja asubuhi na mingine humalizika saa mbili usiku. Katika semina zangu za jioni, ikifika saa kumi na mbili na nusu, wasichana huanza kutazama dirishani. Mmoja baada ya mwingine hufunga daftari na kuomba ruhusa. Si wavivu. Wanapima giza, wanahesabu kama bado wako wengi wa kuongozana nao, wanakisia kama bodaboda wanayemfahamu atakuwepo kituoni. Anayebaki hadi mwisho ni yule mwenye kitanda ndani ya uzio. Yeye ndiye anayeuliza maswali ya mwisho, ndiye anayeingia maktaba usiku, ndiye kikundi cha kazi ya pamoja kinachomtegemea. Mwisho wa muhula ninasahihisha mitihani ya watu hao wawili kwa kalamu moja, na mfumo unataka niamini kwamba nimepima akili zao tu.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba aliyepata kitanda chuoni ameokoka. Wanafunzi wenyewe wana neno lao, “kubebana”: mwenye nafasi humkaribisha asiye nayo, wakalala wawili kwenye kitanda cha futi tatu. Ni utu wa kupigiwa mfano, na pia ni kipimo cha aibu yetu. Chumba cha wanne kinakuwa cha wanane. Choo kilichokadiriwa kwa watu kumi kinahudumia ishirini, na maji yakikatika ndoo hupandishwa ghorofa ya tatu kwa mikono. Soketi moja huning’inizwa nyaya za ugawaji, juu yake hita ya maji, pasi na simu sita. Kwa kuwa “aliyebebwa” hayumo kwenye orodha, siku ya moto hakuna atakayejua kwamba alikuwemo.

Nasema moto kwa makusudi. Juni 1994 wasichana wasiopungua 40 waliteketea bwenini katika shule ya sekondari ya Shauritanga, Kilimanjaro. Machi 2001, huko Kyanguli nchini Kenya, waliangamia wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Zilikuwa shule za sekondari, lakini moshi haubagui mwenye kidato na mwenye shahada. Tembelea hosteli yoyote ya binafsi iliyo jirani na chuo ukahesabu madirisha yenye nondo zisizofunguka, kisha ukahesabu milango ya dharura. Tunaogopa mwizi kiasi cha kujenga gereza, halafu gereza hilo tunaliita usalama. Tangu mwaka 2007 tunayo sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji inayolipa jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo. Ukaguzi huo ukifanyika, kwa nini mpangaji haoni cheti chake ukutani?

Kuhusu ulinzi, wapo wanaofikiri umekamilika pale mzee mwenye kirungu anapokaa getini akidai vitambulisho. Majirani zetu walilipa gharama ya kutisha. Alfajiri ya Aprili 2, 2015, magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa na kwenda mabwenini. Watu 148 waliuawa, wengi mno wakiwa wanafunzi. Sitaki kuwatia watu hofu wala sipendekezi vifaru kwenye mageti ya vyuo. Ninasema kwamba bweni ni mahali ambapo mamia ya vijana wa taifa wamelala kwa pamoja bila silaha, na anayelisimamia lazima awe na jibu la maswali matatu: nani yumo ndani usiku huu, watatokea wapi, na nani ataitwa kwanza.

Najua majibu ninayoandaliwa. La kwanza ni kwamba wanafunzi wa chuo ni watu wazima, wajitegemee. Ni kweli ni watu wazima. Askari naye ni mtu mzima, na bado hatumpeleki kambini tukamwambia atafute dalali. Utu uzima unampa mtu haki ya kuamua mambo yake. Haumwondolei aliyemwita kutoka mbali wajibu wa kumwandalia mahali salama. Tena ajabu ni kwamba chuo hichohicho, kinachosema hakihusiki na yanayompata mwanafunzi mtaani, hakisiti kumwita mbele ya kamati ya nidhamu kwa alichokifanya mtaani. Nidhamu inavuka uzio, ulinzi unaishia getini.

Jibu la pili ni kwamba fedha hazipo. Hapa namba zinajieleza. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata mabweni 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, kwa gharama iliyotangazwa kuwa shilingi bilioni 10. Gawanya: ni takriban shilingi milioni 2.6 kwa kila mwanafunzi. Atakayesema bei hiyo ilikuwa ya chini mno naizidishe mara mbili. Bado ni milioni 5.2 kwa kitanda kitakachotumika kwa miongo. Kila gari la shilingi milioni 260 tunalomnunulia mkubwa mmoja ni vitanda 100 kwa hesabu ya kwanza, na 50 kwa hesabu ya pili. Kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 kikikusudiwa wanafunzi 40,000, na mabweni yakawa sehemu ya mpango wake tangu mwanzo. Taifa linajua kujenga mabweni likiamua.

Na likishajenga, lijifunze kusikiliza. Desemba 2017 picha za nyufa katika mabweni yale mapya zilisambaa. Wakala wa Majengo ulieleza kuwa zile ni nafasi zilizoachwa kwa ajili ya jengo kutanuka. Sibishani na wahandisi juu ya uhandisi wao. Ninachokikataa ni kwamba mwanafunzi aliyehusishwa na kusambaza picha hizo alijikuta mikononi mwa polisi. Wahenga walituonya kuhusu asiyeziba ufa. Hawakusema kwamba aliyeuonyesha ndiye afungwe. Mpangaji asiyethubutu kuripoti bomba lililopasuka au taa iliyoungua hawezi kuwa salama, hata tumjengee kasri.

Jibu la tatu hutoka kwa wenzangu wa rika langu: sisi tulilala chini na tukafaulu. Waliofaulu ndio waliobaki kusimulia. Walioacha masomo, waliobakwa wakanyamaza, waliokubali “msaada” wa mwenye nyumba kwa kukosa kodi, hawaketi nasi kwenye chumba cha walimu kuhadithia.

Kwa hiyo ninadai mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Kwanza, kila chuo kitangaze idadi ya vitanda vyake ukurasa uleule kinapotangaza nafasi za masomo, na mwaka wa kwanza wapewe kipaumbele kwa utaratibu ulioandikwa, ili kitanda kisigeuke mali ya kuuzwa kwa fedha au kwa mwili. Pili, ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ikishirikiana na wenyeviti wa mitaa, isajili nyumba na hosteli za nje, izikague milango, vyoo, nyaya na njia za kutokea, na iweke mkataba wa kodi ambao hautamlazimu mwanafunzi kulipa miezi sita wakati posho yake haijatoka. Tatu, cheti cha ukaguzi wa moto kibandikwe kwenye lango la kila bweni, la umma na la binafsi, na zoezi la kujiokoa lifanyike kila muhula. Nne, kama chuo hakiwezi kumulika njia hadi kituo cha basi wala kupeleka gari la jioni, basi kisipange mhadhara unaoisha baada ya jua kuzama.

Hilo la nne ninaweza kulianza mwenyewe, na nimeanza: nimeomba semina zangu za jioni zihamishiwe asubuhi, hata ikiwa ni Jumamosi. Mengine matatu yako mezani kwa makamu wakuu wa vyuo, kwa Wizara na kwa halmashauri zetu. Msimu ujao wa udahili watatusomea tena idadi ya waliopokelewa. Mzazi aliye ukumbini asimame kabla ya makofi, aulize wangapi kati yao watalala wapi.