Maonyesho ya biashara: kumpa mama meza bila kumfundisha kuuza hakutoshi

Maonyesho ya biashara yakifanyika Beni, Butembo ao Bunia, mambo huwa ni yale yale. Waandaaji wanakodi mahema na kuchapisha mabango. Viongozi wanakata utepe, wanapigwa picha. Akina mama waliokimbia vita wanapewa meza ya kuweka sabuni, vikapu na unga. Siku ya mwisho wengi wanarudi na mzigo wao kichwani, mtaji umelala.

Lawama wanabebeshwa wateja, kwamba hawana pesa. Ni kweli pesa ni kidogo. Lakini tazama meza mbili zenye sabuni ileile. Kwenye ya kwanza muuzaji amekaa nyuma na simu, akiulizwa bei anamtazama mwenzake. Kwenye ya pili amesimama, anasalimia, anampa mgeni maji anawe mikono kwa sabuni hiyo, kisha anataja bei ya kipande na ya katoni. Mgeni atanunua wapi?

Wengine husema biashara haifundishwi, mtu huzaliwa nayo. Mama aliyeacha shamba lake Kanyabayonga alikuwa mkulima. Nani alimfundisha kusimama mbele ya mnunuzi wa muji?

Siku mbili za mafunzo kabla ya maonyesho zingesaidia sana. Kwanza, hesabu: mafuta ya mawese, soda, kuni, usafiri na jasho lake, ili ajue bei ambayo akishuka chini yake anakula mtaji. Pili, ukweli: mwenye duka akitaka katoni 20 kila mwezi, kikundi kijue kama kitaziweza. Tatu, daftari: jina la mgeni, namba ya simu, alichotaka. Mara nyingi mnunuzi mkubwa hanunui siku ile. Anaonja, anaondoka. Asipopigiwa simu wiki ile, anasahau.

Kwa familia zilizohama, namba ya simu ni mali. Leo ziko Oicha, kesho risasi zinazisukuma kwingine. Kila bidhaa ibebe namba mbili: ya kiongozi wa kikundi na ya mwenyeji wanayemwamini. Hivyo mteja hapotei hata kambi ikihama.

Waandaaji wapunguze mabango na vinywaji vya wageni wa heshima, watenge pesa ya mafunzo. Na wasihesabu meza tu. Mwezi mmoja baadaye, waulize: ni kikundi gani kimepata mteja aliyerudi?